Ziwa Litangoja

Sisi watu wa Nanyala tumezaliwa katika nchi isiyo na maji makubwa. Tuna barabara kuu iendayo Tunduma, tuna malori usiku na mchana, tuna kahawa, mahindi na maharage. Lakini mtu akitaka kuona maji yasiyo na ng'ambo, sharti afunge safari. Basi mwaka huu nyumbani kwangu liliingia jambo lililotushughulisha jioni nyingi kuliko hata bei ya kahawa. Tulikuwa tumeweka akiba ya misimu miwili kwa ajili ya safari ya jamaa nzima, tukakae siku nne au tano katika kisiwa chenye pori na wanyama, mbali na honi za malori. Fedha zilitosha safari moja tu. Swali likawa: twende kisiwa cha ziwani, au kisiwa cha baharini?

Nalieleza jambo hili kwa wasomaji kwa kuwa najua jamaa nyingine nazo zinaweka akiba kwa namna hii hii, za walimu, wakulima na wachuuzi. Nchi yetu si ya kutazamwa na wageni wa ng'ambo peke yao. Na swali la ziwa au bahari ni gumu kuliko lionekanavyo.

Nyumbani tu watu watano: mimi, mke wangu, watoto wetu wawili, na baba yangu mzazi. Binti yetu yumo darasa la sita. Amesoma habari za sokwe wa Rubondo, na tangu siku hiyo hana neno jingine. Mdogo wake hufuata kila asemalo dada yake. Kura mbili, basi, zilikuwa za ziwa tangu mwanzo.

Baba yangu alifanya kazi katika gengi la kutengeneza njia ya reli ya TAZARA, ile iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi katika Zambia. Kwa miaka zaidi ya ishirini alibadili mataruma, akakaza vyuma, akafyeka majani kando ya njia, katika sehemu ya kati ya Mbeya na Tunduma. Mabehewa yalimpita kila siku yakiwa na shehena iliyoshushwa melini. Lakini yeye mwenyewe hajaiona bahari hata leo. Nilipomwuliza angependa twende wapi, alijibu kwa upole tu, "Ningependa kuona reli inakokomea."

Mke wangu hakusema kitu. Alisema atangoja asikie hesabu.

Chuoni kwetu, tulipokuwa tukifundishwa ualimu, tulizoezwa kwamba mambo mawili yakishindana akilini, uyaandike kwenye karatasi moja, hili upande huu na lile upande ule. Ndivyo nilivyofanya. Upande wa kushoto niliandika Rubondo, upande wa kulia Mafia.

Rubondo ni kisiwa kilicho kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria, upande wa Chato na Geita. Kilifanywa pori la akiba mwaka 1965, na mwaka 1977 kikawa Hifadhi ya Taifa. Eneo lote la hifadhi, pamoja na visiwa vidogo na maji, ni kama kilomita za mraba 456, na zaidi ya nusu yake ni kisiwa chenyewe. Hakuna kijiji ndani yake. Wavuvi na wakulima waliokaa humo zamani walihamishwa, na msitu ukarudi. Nzohe, yule paa wa mateteni mwenye kwato ndefu, ni mwenyeji wa kisiwa tangu asili, kama walivyo viboko na mamba. Simba na chui hawamo.

Lakini sokwe si wenyeji, na hapa ndipo binti yangu alipopata kisa chake. Kati ya mwaka 1966 na 1969, sokwe 17 walifunguliwa kisiwani humo kwa juhudi za Shirika la Wanyama la Frankfurt na mkuu wake, Bernhard Grzimek. Sokwe hao walitoka Ulaya. Walikuwa wameishi katika bustani za wanyama, na wengine katika sarakasi. Wengi walikuwa wamekaa miaka ndani ya vizimba, wakilishwa na mikono ya watu. Basi walifunguliwa tu, wakaachwa. Wakajifunza wenyewe matunda yapi huliwa, wakajifunza kujenga viota juu ya miti, wakazaa, na wana wao wakazaa. Sokwe walioko leo ni uzao wao. Binti yangu alipotusomea habari hii, hata babu yake aliweka kikombe chini. Tembo na twiga nao waliletwa kutoka bara.

Mafia je? Mafia ni kisiwa cha Mkoa wa Pwani, mkabala wa mahali Mto Rufiji unapoingia baharini. Kando yake vipo visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo. Mwaka 1995 sehemu ya kusini pamoja na bahari yake, kilomita za mraba 822, ilifanywa Hifadhi ya Bahari, ya kwanza nchini. Humo mna matumbawe, na samaki wa rangi zote. Kasa hutaga mayai katika fukwe za Juani, na huko huko Juani yamo magofu ya mji wa kale wa Kua. Katika kisiwa cha Chole wako popo wakubwa walao matunda, ambao mchana huning'inia mitini kama nguo zilizoanikwa.

Na mbele ya Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, huonekana papa potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani. Jina la papa lisimtishe mtu. Chakula chake ni vijidudu na kamba wadogo mno, ambao huwachuja kwa kinywa kilicho wazi. Wataalamu waliowatia vyombo vya kuwafuatia waligundua mwaka 2015 kwamba wengi wao hawaendi mbali, hubaki karibu na Mafia. Ila katika miezi ya Oktoba hadi Machi husogea karibu na pwani, na ndipo watu huwaona kwa wingi.

Hapo nilipumzisha kalamu, nikaona kwamba mapori haya mawili si ya namna moja. Pori la Rubondo ni pori kwa sababu watu walitoka. Pori la Mafia ni la watu kukaa humo humo: vijiji vimo ndani ya hifadhi, wavuvi huvua, ila kwa sheria, mahali hapa ruhusa na pale marufuku. Mtu atakaye ukimya asikie ndege na maji tu, aende Rubondo. Mtu anayependa kuwa mgeni wa watu, akaulize wazee jina la upepo na jina la samaki, aende Mafia. Si vema kusema kwamba pori moja ni la kweli na jingine ni la uongo.

Tukafika kwenye maji yenyewe. Hapa mke wangu alivuta kiti karibu.

Watu wa bara tuna mazoea ya kudhani ziwa ni pole na bahari ni kali. Sivyo. Ziwa Viktoria ndilo kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, ingawa kina chake hakizidi sana mita 80. Usiku nchi kavu hupoa upesi, lakini maji hubaki na joto. Hewa ya baridi hutoka pande zote ikakutana katikati ya ziwa, hupanda juu na kufanya mawingu ya radi. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwa hilo huja usiku na alfajiri, saa zile zile wavuvi wanapokuwa kazini. Tusisahau meli ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei, 1996, karibu na Mwanza, wala kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka tarehe 20 Septemba, 2018, karibu na Ukara. Mamia walikufa katika kila ajali, na MV Nyerere ilikuwa karibu kabisa kutia gati. Bahari nayo ilitwaa watu wengi katika MV Spice Islander tarehe 10 Septemba, 2011, kati ya Unguja na Pemba. Katika misiba hiyo yote vyombo vilikuwa vimejaza watu kupita kiasi. Chombo kilichojaa mno huua katika maji ya chumvi na katika maji matamu vile vile.

Tofauti zipo, lakini, na yafaa zijulikane.

Kwanza, bahari ina saa zake. Maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua, mwezi unapokuwa mpevu au mwandamo, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Asubuhi waweza kutembea juu ya mchanga mahali ambapo alasiri panapita jahazi. Mgeni asiyeuliza hukwama juu ya fungu la mchanga, akazungukwa na maji. Ziwa halina kujaa na kupwa kwa namna hiyo.

Pili, bahari ina majira ya upepo. Kusi huvuma tangu Aprili hadi Septemba hivi, tena kwa nguvu; kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, nayo kwa kawaida ni nyepesi zaidi. Mvua za masika, Machi hadi Mei, si wakati wa kwenda.

Tatu ni kichocho. Vidudu vya ugonjwa huu hukua kwanza ndani ya konokono wa maji matamu, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Kando ya Ziwa Viktoria ugonjwa huu ni wa siku nyingi, na katika Ziwa Nyasa upo pia mahali pengi. Baharini haupo, maana konokono hao hawaishi katika chumvi. Tena mamba wa Rubondo hawaruhusu mtu kuoga ufukoni. Kwa hiyo watoto wakienda kisiwa kile watayatazama maji, hawatayaingia. Lakini bahari nayo ina taa mwenye mwiba mkiani, na konyeza awashaye, na matumbawe yakatayo nyayo. Mtoto avae viatu vya raba anapokanyaga maji.

Nne ni maji ya kunywa. Ziwani maji yapo mbele yako, uyachemshe tu. Baharini unaweza kufa kwa kiu katikati ya maji, kwa hiyo dumu la maji liingie chomboni kabla ya mtu.

Mke wangu aliuliza swali moja: "Nani kati yetu ajuaye kuogelea?" Hakuna hata mmoja. Maji ya chumvi humwinua mtu kidogo zaidi kuliko maji matamu, lakini hilo si la kutegemea. Tulikubaliana papo hapo kwamba, kokote tuendako, hatupandi chombo kisicho na boya la kuvaa kwa kila mtu, wala hatupandi kilichojaa, hata kama ndicho cha mwisho siku hiyo. Kauli hiyo tuliiandika juu kabisa ya karatasi, kabla ya fedha.

Kwa upande wa njia, hakuna iliyo fupi. Kutoka kwetu hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa basi. Kisha mtu hushika njia ya kusini hadi bandari ya Nyamisati wilayani Kibiti, na kutoka hapo huvuka kwa saa kadhaa hadi Kilindoni. Kwenda Rubondo ni mwendo wa karibu kilomita 1,000 au zaidi, kwa kadiri ya njia uishikayo, kisha mashua ya kutoka Kasenda au Nkome. Wapitao Mwanza sasa hawangoji tena kivuko cha Busisi, maana daraja la kilomita tatu lilifunguliwa Juni 2025. Kilindoni zipo nyumba za wageni na soko. Rubondo hakuna duka la kukimbilia, chakula hununuliwa bara na kubebwa. Ada na nauli za mashua hubadilika, kwa hiyo nawashauri wasomaji waulize ofisi za hifadhi wenyewe, wapate jibu la maandishi, wasisikilize ya vijiweni.

Nilipojumlisha yote, pande mbili za karatasi zilikaribia kuwa sawa. Hesabu haikutuamulia.

Jioni hiyo baba aliona tunavyohangaika. Akasema, "Wapelekeni watoto ziwani. Mimi nimeishi bila bahari miaka yote hii, wala hapana kilichoharibika. Wazee hawashindani na wajukuu."

Ndipo mke wangu aliposema. "Baba, watoto hawa wana miaka mingapi mbele yao? Ziwa halihami. Sokwe wa huko wanalindwa kwa sheria. Mwanao akipata kahawa njema tena, tutakwenda. Lakini wewe, goti lako mwaka jana lilikuruhusu kwenda Vwawa kwa miguu, na mwaka huu halikuruhusu kufika kwa jirani."

Hakuna aliyejibu. Mimi ni karani wa parokia, na kazi yangu hunipa madaftari mawili, moja la watoto waletwao kubatizwa, na moja la watu tunaowazika. Jina huhama kutoka daftari hili hadi lile, na mara nyingi mimi ndiye niandikaye yote mawili. Najua hesabu ambayo mke wangu aliitaja, ila nilikuwa sijathubutu kuitia katika ile karatasi. Kisiwa kina uzuri wake na njia ina gharama yake, lakini kati ya wasafiri watano, wanne wanaweza kungoja na mmoja hawezi.

Binti yetu alilia kidogo, sitaficha. Akasema, "Na sokwe nao wanaweza kufa." Nilimjibu kwamba wale 17 wa kwanza wameacha uzao wa vizazi kadhaa, na kwamba kisiwa kile kimelindwa tangu kabla mimi sijazaliwa. Nikamwambia pia kwamba kama shauku yake ni maji matamu, Ziwa Nyasa liko karibu nasi; mtu akipanda basi alfajiri, jioni aweza kuwa Matema, chini ya milima ya Livingstone, auone ukubwa wa maji yale yenye kina cha mita 700 hivi. Bahari haina njia fupi namna hiyo kwetu.

Alifikiri, kisha akauliza, "Utaandika?" Nikaandika: kwamba safari ijayo ya jamaa hii itakuwa Rubondo, na mwaka wake, na kwamba akiba itaanza Januari. Nilitia sahihi, na mama yake akatia yake, na babu yake akatia dole gumba ingawa anajua kuandika vizuri, kwa kuwa alisema dole gumba haliwezi kukanushwa. Karatasi hiyo sasa imo ndani ya daftari lake la hesabu.

Basi ndugu msomaji, kama nawe unalo swali kama hili, shauri langu ni hili. Anza na watu kabla ya visiwa. Uliza kwanza nani hawezi kungoja, kisha uliza nani ajuaye kuogelea na chombo kipi kitamvusha, kisha majira gani mnaweza kwenda. Ukimaliza maswali hayo matatu ndipo ufungue habari za sokwe na papa potwe, maana uzuri hauna mwisho na utakuchanganya. Na ye yote aliyeshindwa katika shauri, mpe ahadi yenye tarehe, wala usiisahau.

Sisi tutaondoka Desemba, shule zikiisha kufungwa na malipo ya chama cha msingi yakiisha kupatikana. Ni majira ya kaskazi, na papa potwe watakuwa karibu na pwani. Mganga wa zahanati amekwisha kumpima mzee, akasema aweza kusafiri, ila asikae ndani ya basi mchana na usiku mfululizo. Kwa hiyo tutalala Iringa, na tena Morogoro. Mzee ameniuliza mara tatu kama ni kweli maji ya bahari yana chumvi kiasi watu wasemacho. Nimemwambia ataonja mwenyewe.